Redio ya babu haijawashwa kwa miaka 30: niichomeke tu?

"Shikamoo fundi. Nimerithi redio ya mbao ya marehemu babu, zile za zamani zenye valvu, vile vichupa vya glasi vinavyowaka ndani. Haijawashwa kwa zaidi ya miaka 30. Nimefungua kifuniko cha mgongoni nikakuta vumbi tele na valvu sita zilizoandikwa UCC85, UCH81, UF89, UABC80, UL84 na UY85. Mjomba anasema niichomeke tu, ikiwaka ni nzima, isipowaka ndipo nitafute fundi. Fundi mmoja ameniambia valvu zimeshakufa, heri atoe kila kitu ndani aniwekee amplifaya ya Bluetooth. Rafiki yangu naye anasema niongeze umeme polepole kwa mashine ya kupandisha volti, kapasita zitaamka zenyewe. Mimi ningependa kuisikia ikiongea kama zamani, na nimeanza kuvutiwa na kukusanya redio nyingine. Nimsikilize nani?"

Marahaba. Usiichomeke, hata kwa zile sekunde chache za "kujaribu tu". Kati ya washauri wako watatu simwungi mkono hata mmoja, ingawa rafiki yako amekaribia, maana yeye angalau amezitaja kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda. Hizo ndizo mgonjwa halisi ndani ya kasha hilo. Amekosea tu kudhani kwamba zinaamka.

Naona una hofu mbili: usije ukaiharibu kumbukumbu ya babu kwa mikono yako, na labda umeshachelewa, vyote vimekufa ndani kwa kukaa. Hiyo ya pili ipunguze. Redio iliyokaa kabatini miaka 30 bila kuguswa mara nyingi ina hali nzuri kuliko ile iliyopita kwa mafundi watano, kila mmoja akikata waya na kuunga wa kwake. Hofu ya kwanza ibaki nayo, kwa sababu madhara mengi ninayoyaona kwenye redio za kurithi hayakuletwa na miaka ya kukaa bali na dakika chache za kwanza za umeme.

Umefanya jema kuandika majina ya valvu, yananieleza mengi kuliko picha. Katika mfumo wa majina ulioanza Ulaya mwaka 1934, herufi ya kwanza hueleza jinsi filamenti, yaani uzi unaochemka ndani ya valvu, unavyolishwa umeme. E ni volti 6.3. D ni valvu za redio za betri, kwa kawaida volti 1.4. U maana yake ni mkondo wa miliampea 100, na filamenti zote hufungwa mfululizo, umeme ukitoka kwenye moja kuingia nyingine hadi ya mwisho. UCC85 inataka volti 26, UCH81 volti 19, UF89 volti 12.6, UABC80 volti 28.5, UL84 volti 45 na UY85 volti 38. Jumla ni 169.1. Kwenye umeme wa volti 220 zinabaki kama 50 hivi, na hizo huachwa zipotee kama joto kwenye rezista (kifaa kinachozuia mkondo) kubwa iliyo karibu na valvu. Kwa hesabu hiyo redio haikuhitaji transfoma ya umeme. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa nafuu, na iliweza kutumia mkondo geu (AC) wa siku hizi au mkondo mnyoofu (DC) ambao miji kadhaa ilikuwa bado inao zama hizo. Valvu za kizazi hiki zinaiweka redio yako kati ya katikati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tena UCC85 ni valvu ya mlango wa FM, kwa hiyo babu alikuwa na FM. Hilo litakuja kukufaa.

Wepesi huo una bei yake, na hapa nakuomba usome taratibu. Bila transfoma, hakuna kinachoitenganisha redio na nyaya za ukutani. Chesisi, lile bati ambalo kila kitu kimefungwa juu yake, karibu hakika imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa plagi. Plagi ikiingia upande mmoja, chesisi iko kwenye nyutro. Ukiigeuza, bati zima lina volti zote za ukutani. Swichi ya redio nyingi za namna hii hukata waya mmoja tu, kwa hiyo redio inaweza kuwa imezimwa na bati likabaki na moto, yaani umeme, ukilifikia kwa kupitia zile filamenti. Waliozitengeneza walijua. Ndiyo maana kasha ni la mbao au plastiki, mgongo una kifuniko, na skrubu ndogo za vitufe vya mbele zimezamishwa ndani, mara nyingi zikazibwa kwa nta. Kitufe kikipotea, shafti ya chuma inayobaki si ya kushikwa kwa vidole.

Kuna makosa mawili yanayofanywa kwa nia njema. La kwanza ni kuunga waya wa ethi, yaani wa ardhini, kwenye chesisi ukidhani unaongeza usalama. Kwenye redio yenye transfoma ni jambo zuri, kwenye hii unaweza kuwa umejitengenezea shoti. La pili linanitia wasiwasi zaidi, nalo ni kuchomeka simu kwenye matundu ya gramafoni mgongoni ili kupiga muziki. Simu yako itakuwa imeshikana na umeme wa ukutani, na wewe umeshika simu. Hata kama mtengenezaji aliweka kapasita za kutenganisha matundu hayo, nazo sasa ni za zaidi ya miaka 60.

Tuje kwa mjomba. Ukichomeka leo, kitu cha kwanza kinachopata taabu ni kapasita kubwa za elektroliti, kwa kawaida mbili ndani ya kopo moja la alumini. Kazi yake ni ile ya tangi la maji: umeme kutoka kwa UY85, valvu inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, unakuja kwa mapigo, kapasita inaupokea na kuutoa kwa utulivu, na bila hiyo utasikia mngurumo mzito badala ya sauti ya mtangazaji. Ndani kuna karatasi ya alumini iliyofunikwa na tabaka jembamba mno la oksaidi, na tabaka hilo ndilo linalozuia umeme kupita. Hulindwa na umeme wenyewe, redio inapotumika mara kwa mara. Ikikaa miongo bila volti, tabaka linadhoofika na maji ya kemikali yanakauka. Ukiipa volti zaidi ya 200 ghafla, kapasita inavuta mkondo mkubwa, inachemka, gesi inajaa, na kopo linaweza kupasuka likimwaga uchafu wake juu ya kila kitu. Isipopasuka, inaweza kuiua UY85 iliyokuwa nzima kabisa asubuhi hiyo.

Lakini mwuaji mkubwa ni mdogo kwa umbo. Kati ya UABC80 na UL84, valvu inayoendesha spika, kuna kapasita moja ya karatasi, huenda imemwagiwa nta au lami nyeusi, yenye thamani kama ya maikrofaradi 0.01 au 0.022. Hupitisha sauti kutoka anodi (bati linalopokea elektroni) ya valvu ya kwanza kwenda gridi (wavu unaodhibiti mkondo) ya valvu ya pili, huku ikizuia volti za DC zilizopo kwenye anodi hiyo. Karatasi hunyonya unyevu. Ikishaunyonya, kapasita inavuja. Tuchukue mfano: anodi ina volti 80, kapasita imechoka hadi ukinzani wake umeshuka kufikia megaomu 10, na gridi ya UL84 imeungwa kwenye chesisi kwa rezista ya megaomu 1. Volti 80 zinagawanyika kwa 11, na gridi inapata karibu volti 7 chanya mahali palipotakiwa sifuri. Hizo zinaonekana kidogo, lakini gridi ndiyo mshika breki wa valvu. Breki ikilegea, UL84 inapitisha mkondo kupita kiasi, anodi yake inaanza kuiva rangi nyekundu, na mkondo huohuo unapita kwenye transfoma ya spika, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Waya ukikatika, umepoteza kifaa kigumu kukipata kuliko valvu zote sita.

Na haya yote yanaweza kutokea redio ikiwa inaongea vizuri. Sauti itakwaruza kidogo pengine, au haitakwaruza. Utakaa umefurahi, mjomba atatabasamu, na UL84 itakuwa inajiua taratibu nyuma ya kifuniko. Kwa hiyo "ikiwaka ni nzima" si kipimo. Kwa sababu hiyohiyo, muuzaji wa redio ya zamani akikuambia kwa fahari kwamba ameijaribu na inafanya kazi, mimi huhesabu hilo kama upungufu.

Usijipe moyo kwa mita ya kawaida pia. Ukiipima kapasita ya aina hii kwa mita ya mkononi, mita hutumia volti chache tu, na kapasita itajionyesha safi. Uvujaji hutokea chini ya volti za kazi. Mimi kapasita za karatasi zilizomwagiwa nta au lami sizipimi kwanza ndipo niamue, nazibadilisha zote. Hapo sina mjadala.

Fundi wako wa Bluetooth amesema valvu zimekufa. Amejuaje, ikiwa hakuzipima? Valvu haizeeki kwa kukaa. Inachakaa kwa kutumika, pale kathodi inapoishiwa na uwezo wa kutoa elektroni, na redio ya sebuleni iliyozimwa kila usiku ingeweza kutumia seti moja ya valvu kwa miaka mingi. Angalia juu au ubavuni mwa glasi ya kila moja: kuna doa la fedha linalong'aa. Hilo ni tabaka la madini, aghalabu bariamu, lililowekwa ili kunasa gesi zinazobaki ndani. Likiwa la fedha au la kahawia iliyoiva, ombwe bado lipo. Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Ukitaka kujua kama filamenti haijakatika, chomoa valvu redio ikiwa haina plagi ukutani, ishike miguu ikikutazama, hesabu kuanzia kwenye pengo ukifuata mwendo wa saa, kisha weka mita kwenye mguu wa 4 na wa 5. Valvu zako zote sita zina filamenti kwenye miguu hiyo. Usishangae mita ikionyesha omu chache kuliko hesabu ya volti kwa mkondo, kwa sababu uzi baridi una ukinzani mdogo. Unachotafuta ni kama umeungana au umekatika. Kumbuka ziko kwenye mnyororo mmoja: ikikatika moja, zote sita zinazimika, na mtu asiyejua atakuambia kwamba zote zimekufa.

Usiyafute maandishi kwenye glasi unapofuta vumbi. Wino huo hutoka hata kwa kidole chenye jasho, na valvu isiyo na jina ni fumbo. Andika kwanza kwenye karatasi ipi ilikaa wapi.

Rafiki yako amesikia jambo la kweli akalipeleka mbali. Kapasita ya elektroliti iliyohifadhiwa vizuri inaweza kurudishiwa tabaka lake kwa kuipa volti kidogo kidogo kupitia rezista, ikiwa imetolewa kwenye redio, huku mkondo unaovuja ukifuatiliwa kwa mita kwa saa nyingi. Ni kazi ya kwenye benchi. Kupandisha volti za redio nzima ni kitu kingine, na kwenye redio yako hakufanyi hata kile kinachodhaniwa: UY85 ni valvu, haipitishi kitu hadi ichemke, kwa hiyo volti zikiwa chini kapasita hazipati chochote, kisha valvu ikipata joto zinapata nyingi kwa mara moja. Kapasita za karatasi nazo haziponi kwa upole, unyevu wake umeingia na umekaa. Mwisho, mashine nyingi za kupandisha volti kwa kuzungusha kitufe hazitenganishi na ukuta hata kidogo, na chesisi yako inabaki hatari vilevile.

Sasa kazi yenyewe, kama utaifanya au utamsimamia anayeifanya. Anza bila umeme. Piga picha nyingi kabla ya kugusa, chini na juu, hasa uzi unaozungusha mshale wa stesheni, kwa sababu ukikatika utatamani kujua ulizungukaje. Toa vumbi kwa brashi laini. Usizipinde zile sahani nyembamba za kapasita ya kutafutia stesheni. Kioo chenye majina ya miji na masafa kipanguse upande wa mbele tu. Maandishi yamechapwa nyuma, na kitambaa chenye maji kinaweza kuyaondoa yote kwa mpanguso mmoja. Nimeona vioo vilivyosafishwa hadi vikabaki vitupu, na hakuna fundi wa kuvirudisha. Kasha la mbao usilipige msasa: juu yake kuna veneer, yaani ganda la mbao, nyembamba mno, na msasa unaitoboa upesi. Ukikuta karatasi ngumu ya kijivu imebandikwa ndani ya kasha karibu na sehemu inayochemka, ichukulie kuwa ni asbesto, usiikwaruze wala kuivunja.

Baada ya usafi ni kapasita. Zile za karatasi badilisha zote kwa za plastiki za thamani ileile, zinazobeba volti 400 au 630 za DC. Iliyofungwa moja kwa moja kwenye nyaya za umeme weka yenye alama X2, si ya kawaida yenye namba kubwa ya volti, kwa sababu ile ya X2 imetengenezwa isiwake moto ikifa. Zinazotenganisha antena na ethi na chesisi ziwe zenye alama Y, maana hizo zikifa ni wewe utakayeguswa. Za elektroliti weka mpya za thamani inayokaribiana. Usizidishe ukidhani utapata sauti tulivu zaidi, kwa sababu kapasita ya kwanza ikiwa kubwa kupita kiasi UY85 inaumia kila inapoijaza. Wapenda redio wengi huacha kopo la zamani mahali pake na kuficha mpya chini ya chesisi au ndani ya kopo lenyewe. Napenda hivyo, na ulivyovitoa vitie kwenye mfuko uuweke ndani ya kasha. Za kauri na za maika ziache. Rezista pima moja moja, mguu mmoja ukiwa umefunguliwa. Zile za kaboni hupanda thamani kwa umri, na iliyopanda zaidi ya asilimia 20 mimi huiondoa. Waya wa plagi ulio mgumu na wenye nyufa ubadilishe bila huruma ya kihistoria, na uweke fyuzi kama haipo.

Viini vidogo vyenye mpasuo wa bisibisi juu ya makopo ya alumini usivizungushe hata nusu mzunguko. Vimepangwa kwenye kilohezi 450 na ushee kwa AM na megahezi 10.7 kwa FM, na kuvirudisha bila vifaa ni kupapasa gizani. Redio ikiwa dhaifu baada ya kapasita mpya, sababu karibu kila mara ni nyingine.

Umeme wa kwanza upitie transfoma ya kutenganisha, inayoitenga redio na nyaya za ukutani, na waya mmoja uungwe mfululizo na balbu ya kawaida ya uzi, wati 60 hivi. Ya LED haifai, haizuii mkondo kwa namna tunayoitaka. Ukiwasha, balbu itang'aa kidogo kisha ififie filamenti zikipata joto. Ikibaki inang'aa sana, zima, kuna shoti. Ikififia, pima volti kwenye gridi ya UL84: sifuri au hasi kidogo ni salama. Volti chanya ni amri ya kuzima, hata kama kuna muziki. Spika iwe imeungwa muda wote, kwa sababu UL84 ikifanya kazi bila mzigo inaweza kuiharibu transfoma ile nyembamba niliyoitaja. Ukishachomoa plagi, kapasita mpya nzima inashika volti zaidi ya 200 kwa muda, nawe usiingize mkono kabla ya kuimwaga umeme wake kupitia rezista na kuhakikisha kwa mita.

Kuhusu Bluetooth niseme ukweli wangu. Kutoa mashine nzima na kubakiza kasha ni hatua isiyorudi, na kwa redio yenye valvu sita zilizo mahali pake mimi singekubali. Lakini sidharau hoja ya msingi: utasikiliza nini? Stesheni nyingi za masafa ya kati duniani zimefungwa, na zilizobaki zinashindana na kelele za chaja za simu na taa za LED za nyumba nzima. Usiku masafa mafupi bado yana watu. Redio yako lakini ina FM, na hapo bahati iko upande wako, ila masafa yake ya FM pengine yanaishia megahezi 100 au 104, si 108 ya leo, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo hutazipata. Fundi akikushawishi kuyasogeza masafa hayo, mwambie aache. Ukitaka muziki wa simu upitie redio hii, njia ya staha ni kirusha matangazo kidogo cha FM kinachokaa juu ya meza mbali na redio, kwa nguvu inayoruhusiwa na sheria za mahali ulipo. Hakuna waya unaogusa chesisi, na babu angeitambua sauti. Kuiacha bila umeme kama pambo pia ni uamuzi halali. Katika hali hiyo kata plagi, ili mgeni asije akaichomeka.

Kama utaendelea kukusanya, redio ya pili tafuta yenye transfoma ya umeme na valvu za E: ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80. Inatenganishwa na ukuta, ni nzito, na inafaa kujifunzia kuliko hii, ingawa volti zake za ndani zinaweza kufika 250 na zinaua vilevile. Valvu za Marekani zina namba mwanzoni, nayo huonyesha volti za filamenti kwa kukadiria: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 35W4 na 50C5 zikijumlishwa zinafika karibu 121, na hapo umeshajua kwamba nazo ni za mnyororo na zilikusudiwa umeme wa karibu volti 120. Kwenye kununua, mimi huangalia vitu visivyopatikana: kioo cha stesheni kizima, vitufe vyote, kifuniko cha mgongoni, transfoma ya spika isiyokatika. Kapasita zilizooza hazinishughulishi. Vumbi la asili ni ishara nzuri, kwa kuwa halijaguswa.

Kwa redio hii ya babu, ushauri wangu ni kwamba usafi, picha na kupima filamenti ufanye mwenyewe, na kuanzia kapasita hadi umeme wa kwanza ufanye mbele ya mtu anayejua, isipokuwa kama umeshazoea kulehemu na kupima volti za juu kwa mkono mmoja. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona anodi nyekundu, au ukihisi mtetemo kidogo unapogusa kitu chochote cha chuma, acha na utafute msaada bila kujaribu tena. Mafundi wa redio za valvu wamepungua, lakini wanaotengeneza amplifaya za valvu za magitaa wanazifahamu volti hizi na hatari zake vizuri. Kabla ya kumwachia redio, muulize swali moja: "Utaanza na nini?" Akisema ataichomeka aone, mshukuru ubebe redio yako. Akiuliza kama chesisi ina moto, au akaanza kutafuta kapasita iliyo kwenye gridi ya UL84, mpe kazi, mwonyeshe picha zako, na mkubaliane mapema kwamba kila kilichotolewa kinarudi nawe.